Zoo ya mujini ao pori ya Mikembo: rafiki akikuya wikendi, munaenda wapi?

Kopine yangu wa Kolwezi alinitumia mesaje siku ya ine mangaribi: "Masheri, siku ya posho nashuka Lushi, nina siku mbili tu, nipeleke fasi yenye iko na miti, nimechoka na mavumbi ya mine." Njo vile anaombaka, haulizi kama uko na makuta, haulizi kama uko na nafasi. Kolwezi kufika hapa Lushi, njo Lubumbashi, ni kilometre karibu 300, bisi hata itoke mapema mutu anafika na jua kichwani, anaoga, anakula, na siku ya posho imekwisha nusu. Mi nikabaki na ile swali bantu ba Lushi tunaijuaka sana: tuende ku zoo, hapa hapa mujini, ao tutoke tuende Mikembo, kule upande wa Kinsevere?

Nimefanyaka zote mbili, mu kipwa na mu mvua, tena na barafiki benye tabia mbalimbali. Naandika juu kila mara mutu ananiuliza, najibu mesaje murefu na kesho yake mwingine anauliza ile ile.

Kwanza tusikilizane. Tukisema zoo hapa kwetu hatusemi paka banyama mu mafero, tunasema bustani yote: miti, njia za kutembea, fasi za kuikala, batoto benye banakimbia. Kuko bantu banaendaka kule kila mwezi na hawaangalii hata nyama moja. Mikembo yeye haikupandwa na mutu, ni pori, kipande ya miombo yenye ilifungwa ili isikatwe, karibu kilometre 30 kutoka mujini. Na ni fasi ya mutu binafsi, haiko ya serikali, kwa hiyo haufiki tu ukagonga mulango sawa uko kwa shangazi yako, unatuma habari mbele, unangoya bakujibu, njo unatafuta usafiri.

Njia

Tuanze na njia juu njia njo inakulaka wikendi ya bantu. Zoo iko mu komine Lubumbashi, mujini kabisa, unapanda taksi-bisi, unashuka, unatembea kidogo, umefika na nywele yako bado iko vile ulitoka nayo ku nyumba. Kilometre 30 ya Mikembo ukiiangalia mu telefone unaona ni kitu kidogo, lakini haiko lami yote, kuko bulongo, na bulongo ya kwetu mvua ikiipiga inakuwa sabuni.

Mwaka moja, mwezi wa 2, nilienda na kopine mwingine, wa Ruashi, komine ya hapa hapa Lushi, shofere alituapia kabisa kama motokari yake inajua ile njia. Kumbe ilijua paka kuzama. Tulikwama katikati ya barabara, gurudumu za nyuma zinazunguka, matope inaruka mpaka ku vitre, na shofere anaongea na motokari yake sawa ni bibi yake. Bapapa batatu balikuwa banapita na makinga, njo baiskeli, za makala, unajua zile makinga, mifuko imepangwa nyuma na pembeni mpaka mwenye kusukuma haonekani, unaona paka miguu. Balilaza makinga pembeni polepole, juu kinga ya makala ikianguka mutu moja haiinui, bakakuya kutusukuma. Tulipotoka, kopine akatoa makuta, mwenye alikuwa mukubwa yao akakataa, akasema, "Mama, kama muko na maji, mutupe tu maji." Tukabapa shupa mbili za maji na Fanta moja. Maji bakakunywa palepale, Fanta ule mukubwa akaiweka mu mufuko ya koti, anasema hii ni ya mutoto.

Basi ku upande wa njia, zoo inashinda, hakuna mashindano. Na kama hauna motokari yako ao ya mutu mwenye unaamini, kwa Mikembo hesabu ya taksi njo itakuwa kitu ya kwanza ya kukuumiza, juu unalipa kwenda, unalipa kurudi, na unalipa shofere akungoje, hakuna taksi-bisi inapita kule mangaribi eti unyooshe mukono.

Miti

Lakini hapa sasa njo Mikembo inaamuka. Ile makala ya bale bapapa, jana yake ilikuwa miti. Miombo njo pori ya kwetu kabisa, inaanzia Angola, inapita kwetu na Zambia, inafika Tanzania na Msumbiji, lakini kando ya Lushi bameikata sana, kwanza juu ya makala, tena juu ya mashamba, mpaka mutoto wa hapa anaweza kukomaa akijua miombo paka mu imbabula ya mama yake. Mimi mwenyewe nilikuwa vile. Nilijua makala, sikujua muti.

Ukiingia Mikembo unaona miti mirefu yenye vichwa vyao vinagusana juu, chini kuko majani na mwangaza inaanguka vipande vipande, hakuna giza ya pori ya Équateur, ni pori yenye inapumua. Bantu ba inivesite ya Lubumbashi balipima kipande ya hektari 10 kule, muti kwa muti, balitaka kujua gani inakufa na gani inakomaa. Kuko miti yenye unaijua jina kwa sababu ya kinywa: masuku, mpundu. Kuko na mukula, ule wa rangi nyekundu ndani, wenye malori yalibeba sana ile miaka mpaka bantu ba vijijini balikuwa banauliza kama kuko dhahabu ndani.

Na bichuguu bya muchwa! Ukikaa mujini unazoea kuona kichuguu nusu, juu bengine bamekata kufanya matofali. Kule unaona kizima, kinapita nyumba, mita 5 na zaidi, na juu yake miti ni ingine kabisa, haifanani na ile ya chini, sawa mutu alichukua kipande ya pori ingine akaiweka juu ya mulima. Kopine wa Ruashi aliikwaruza na kidole akaweka mu mulomo. Nikamuuliza, weye uko na mimba? Akacheka mpaka akaikala chini. Bulongo ya kichuguu bamama benye mimba banaikulaka kwetu, unaipata mpaka ku soko, kwa hiyo sikuuliza bure, na miezi kidogo kisha tukajua jibu.

Zoo ku upande wa miti? Iko na kivuli muzuri, miti ya kukomaa, na kwa mutu wa Kolwezi mwenye anaamuka na vumbi ku meno inatosha kabisa. Lakini ni miti ya bustani, imepandwa, imepangwa, haikushangazi. Kama uko unatafuta maua, nakuambia siri, haiko zoo na haiko Mikembo, ni mujini mwenyewe mwezi wa 9 na wa 10, jakaranda ikitoa maua mu avenue, chini inakuwa bluu-zambarau na hata bapolisi ba ruti banaonekana bazuri.

Banyama

Hapa watu wanadanganyikaka. Banafikiri pori njo kuko banyama wengi. Mikembo utaona swala kama uko na bahati na kama kopine yako anajua kufunga mulomo. Zoo banyama bako pale, simba iko pale, sokwe iko pale, unaona na macho yako.

Sokwe bananipaka mawazo, nasema wazi. Haba banyama haiko ba miombo ya hapa Lushi, banatoka mbali, mu pori kubwa za kaskazini, wawindaji banaua mama, banauzisha mutoto, na katika njia ya biashara bengine banafika mpaka huku. Mwaka 2006 kulianzishwa hapa Lushi senta ya kupokea bale batoto benye bamenyanganywa bauzaji, inaitwa JACK, maana yake ni banyama badogo benye balikamatwa Katanga. Mwaka 2022 bantu baliingia kule usiku bakaiba sokwe batatu bachanga, bakatuma vidio kuomba makuta, dunia yote ilisikia. Kopine wa Kolwezi hakujua ile habari, nikamuelezea tukiwa tumesimama mbele ya sokwe moja mukubwa, mwenye alikuwa ameikala na mukono ku shavu sawa mutu anangoya salere. Akanyamaza. Kisha akasema, "Huyu anafanana na baba yangu wakati ya deni." Njo kusema, hata huzuni haidumu na ule dada.

Kama rafiki yako ni mutu mwenye hapendi kuona nyama amefungwa, usimupeleke, atakuharibia siku nzima na maswali. Kuko benye beko vile, na siwahukumu.

Kuongea

Sasa hii njo sababu mukubwa, na hakuna mutu anaiwekaka mu hesabu. Unatoka na rafiki wikendi juu ya nini? Wengine tunatoka kupumua, wengine tunatoka juu kuko neno inatukaba ku koo na hatuwezi kuisema ku nyumba mwenye mama mukwe yuko ku salo.

Zoo ni fasi ya kuongea. Sijui kama ni kwa sababu kuko bantu wanapita, na macho yako iko na kitu ya kuangalia, basi mulomo inajifungua yenyewe. Tuliikala chini ya muti, mi na ule wa Kolwezi, na kuku yetu mu termosi na bukari imefungwa mu kitambaa. Ilikuwa siku ya posho, njo siku ya mandoa, kila wakati munafika bibi harusi mupya na bale ba kushika nguo nyuma, mupiga foto anapiga kelele "cheka, mama, cheka na meno!", na mutoto wa pete analia. Kati ya ndoa ya kwanza na ya pili, kopine akaniambia kama mume yake amepata kazi Kinshasa na yeye hataki kwenda. Aliisema akiwa anatoa mufupa ya kuku. Kama tungekuwa ku nyumba, ku meza, hangesema, namujua tangu masomo.

Mikembo ni kinyume. Pori inafunga mulomo. Unatembea, unasikia majani chini ya kiatu, ndege moja, kisha hakuna kitu, na hata mutu wa kelele anaanza kusema polepole sawa eko mu kanisa. Rezo ya telefone nayo inakuya na kwenda, basi hakuna mutu anaangalia TikTok. Na kopine wa Ruashi tulitembea saa nzima bila kusema neno na tulirudi tumefurahi, juu siye tunaonana kila wiki, maneno yetu yote tumeishaka kuisema. Ningeenda na ule wa Kolwezi, mwenye nilikuwa sijamuona miezi munane, tungeharibu ile kimya na yeye angerudi na neno yake mu koo.

Basi mi najiulizaka hivi: huyu rafiki tuko na deni ya maneno ao tuko na deni ya usingizi? Deni ya maneno, zoo. Deni ya usingizi, Mikembo.

Kula, makuta, na bile bidogo bidogo

Kula nitapita mbio. Mu zote mbili mi nabebaka chakula yangu, juu mutu wa Kolwezi akishuka Lushi anataka bukari na sombe ya ku nyumba, hataki friti. Faida ya zoo ni kama munatoka mangaribi na njaa imerudi, michopo iko kila kona, nyama ya mbuzi, pilipili, kitunguu, mu karatasi, munakula mumesimama. Ukitoka Mikembo na njaa utakula mavumbi mpaka ufike mujini.

Makuta: zoo unalipa mulango na taksi-bisi, imeisha. Mikembo mulango, usafiri, maji mingi, na ile ya haraka yenye hauijui bado. Wawili peke yenu ni nzito, mukiwa bane mu motokari moja inaanza kuwa na maana. Lakini mukiwa bane haiko tena wikendi na rafiki, ni mukutano.

Viatu: ku zoo hata sandale. Ku Mikembo viatu vya kufunga na suruali murefu, juu ya majani na wadudu, na usivae nyeupe, nakuomba, bulongo nyekundu haitokaka mu nguo nyeupe, nimepoteza suruali moja vile.

Foto: kama rafiki yako anaishi kwa foto, zoo, mupiga foto yuko pale, anatoa palepale. Miombo mu foto ya telefone inaonekana miti tu. Haitoshi mu foto, iko fasi ya kuonekana na macho.

Wakati gani

Hii inaweza kubadilisha jibu yote. Kuanzia mwezi wa 11 mpaka wa 3 ni mvua, njia ya bulongo nimeishakuelezea, kwa hiyo zoo, na muwe na pa kukimbilia. Ikinyesha kabisa mi napelekaka bantu ku mize, ile Musée national, ilianzishwa mwaka 1946 na Francis Cabu, kuko misalaba ya shaba, zile bakubwa ba zamani balikuwa banatumia sawa makuta, na haikunyeshei kichwani. Lakini mvua njo wakati ya uyoga, na ku bichuguu kunaotaka ule uyoga mukubwa sawa mwavuli, kwa hiyo kama uko na motokari ya nguvu na roho ya nguvu, mwezi wa 1 Mikembo iko kijani mpaka macho inauma.

Mwezi wa 6 na wa 7 asubuhi ni baridi, inaweza kushuka chini ya digre 10, bantu ba Kinshasa banatuchekaka kama tunavaa koti ya Ulaya. Njia ni kavu, mbu ni kidogo, lakini pori imevaa mavumbi na majani inaanguka. Mi kwa Mikembo napenda mwisho wa mwezi wa 8 mpaka wa 9, mbele ya mvua, miombo inatoa majani mupya na inaanza nyekundu, nyekundu kabisa sawa moto, kisha njo inakuwa kijani. Kopine wa Ruashi alifikiri miti inakufa. Nikamuambia hapana, iko inazaliwa.

Na ya tatu, yenye bantu banaitaja

Kila mara kuko mutu mwenye atasema, "Muende Zambia, kuko Munda Wanga." Ni kweli, iko, bustani ya miti na banyama mu Chilanga, kusini ya Lusaka, ilianza mu myaka ya 1950, na benye balifika banaisifu. Lakini kutoka hapa kufika Kasumbalesa, ku mupaka ya Zambia, tu ni kilometre karibu 90, pale unasimama na pasipoti mukononi katikati ya malori ya shaba, kisha mpaka Lusaka kunabaki kilometre zaidi ya 400. Kwa siku mbili? Mutaona Zambia ku dirisha ya bisi. Kama uko na likizo ya wiki nzima, tutaongea.

Mi nilichagua nini

Kwa ule wa Kolwezi nilichagua zoo siku ya posho, na siku ya yenga asubuhi misa, kisha tukatembea tu mu avenue chini ya jakaranda mpaka saa ya bisi. Sikujuta. Kama ungekuwa weye na huyu rafiki munaonana kila siku ku kazi na mumechoka na sauti za bantu, nakuambia bila kufikiri mara mbili, kusanyeni makuta, tafuteni motokari yenye gurudumu mupya, muende Mikembo mwezi wa 9, mulale mapema siku ya tano, mutoke na giza. Na kama ni rafiki mwenye mumegombana na munataka kupatana, zoo tena, juu ku pori hakuna pa kukimbilia kama neno inaharibika, na taksi ni moja.

Ku stasio ya bisi kopine alinunua masuku mu sashe, ingine bado mbichi, akasema zitaiva mu njia. Nikamuuliza, na Kinshasa? Akasema ataenda kuona kwanza, mwezi moja, na kama hakuna miti atarudi. Shofere alikuwa tayari anapiga honi. Akatoa kichwa ku dirisha, "Mwaka kesho unipeleke kule kwa bichuguu, taksi ni ya kwangu!" Nimeandika tarehe, juu ule dada makuta yake anaisahauka haraka.